Kidole Gumba cha Mama Georgette

Mwaka 2014 Pascaline, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, alipata kazi ya ukalimani katika kampuni moja ya Mbarara. Kampuni ilikuwa na mashine za kumtambua mtu kwa alama za vidole, na ilipanga kuziuza kwa mabenki ya nchi nzima ndani ya miaka kumi. Majaribio yalianzia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye ugawaji wa mbegu za maharage. Aliyekataliwa na mashine alirudi mikono mitupu.

Jumatatu moja aliitwa kwenye mkutano wa mipango, hotelini, upande wa Ruharo. Mkurugenzi, Bwana Kizito, alikuwa anakula sambusa huku akionyesha picha ukutani. Kikatokea kidole gumba kikubwa kama mlango, kimepasukapasuka, udongo umegandia ukuchani. Pascaline alikijua kwa kovu lake la mundu. Kilikuwa cha Mama Georgette, jirani yake wa Rubondo, mtaa wa kambi hiyo, aliyempokea siku alipofika kambini peke yake.

"Mashine ikiweza kusoma hiki, itasoma chochote," Kizito alisema. Meza nzima ikacheka.

Mmoja akauliza, "Na ikikosea?"

Kizito akajifuta mafuta midomoni. "Ikikosea benki, tunashtakiwa. Ikikosea kule, tunajifunza. Wale hawana pa kwenda. Miaka mitatu ya kwanza tukosee kwao."

Sambusa aliyokuwa akila Pascaline ikamgeukia mdomoni kama nyama iliyochacha. Aliitema kwenye karatasi. Jioni, nyumbani, alisukutua mara tatu na ladha haikutoka.

Alhamisi watu walikusanyika Rubondo, mbele ya kanisa dogo la mabati. Kizito akaanza kwa Kiingereza: mradi huu ni kwa faida yenu. Pascaline hakutafsiri hayo. Alitafsiri ya Jumatatu, neno kwa neno, pamoja na kicheko.

Kisha Mama Georgette akasema, "Kumbe mbegu nilikosa juu bale batu beko banajifunza?"

"Ndiyo, mama."

"Miye nilisema ni mikono yangu ndiyo mubaya. Nilikuwa nayisugua na muchanga mpaka damu."

Pascaline alishindwa kumtazama. Msimu mzima yeye ndiye aliyekuwa akimwambia, mama, nawa vizuri, ujaribu tena.

Kizito akamvuta kando. "Wewe, umeambia hao watu nini?"

"Maneno yako, bosi."

Akamvua kitambulisho cha kazi shingoni palepale.

Nusu ya watu waliondoka. Waliobaki walihitaji mbegu, lakini hakuna aliyegusa mashine mpaka ilipoletwa orodha ya karatasi kwa wale ambao mashine itawakataa. Mama Georgette alipata maharage yake siku hiyo, kwa kutia msalaba wa kalamu.

Wiki iliyofuata kampuni ilileta mkalimani mwingine. Pascaline alirudi kulima, na hata leo akisikia harufu ya sambusa hubadili njia.