Kikundi cha Dobi

Mume wangu ana virusi vya UKIMWI, mimi sina. Hilo tulishalizoea. Niliyeshindwa kumzoea ni dobi.

Dobi ni mwanamke wa mtaa wa pili, anafua na kupiga pasi nguo za watu, naye ana virusi pia. Kikundi chao kilikuwa na watu sita: kila mwezi mmoja anakwenda kliniki kuwachukulia wenzake dawa, watano wanabaki kazini. Mume wangu anachomelea vyuma kwenye karakana, analipwa kwa siku, na bosi wake ana maswali kuliko polisi. Kikundi kilimwokoa, najua. Lakini kila ikifika saa moja jioni dobi anapiga simu kumuuliza kama ameshameza, na mume wangu anatabasamu kabla hata hajapokea. Mimi nikimkumbusha, ananiambia namsumbua.

Zamu ya dobi ilipofika, alileta dawa zimefungwa ndani ya shati la mume wangu, limepigwa pasi hadi kola imesimama. Shati nililolifua mimi, kwa mikono yangu hii, kumbe mume wangu alimpelekea alipige pasi.

Wivu ukanichemka. Nikaenda kibandani kwake, nikamwambia amfute mume wangu kwenye daftari lake la majina ya kikundi, la sivyo mtaa mzima utajua watu wake wanaumwa nini. Hakubishana. Alichukua kalamu, akainama. Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba dobi amemchoka. Aliamini.

Mwezi wa kwanza alikwenda kliniki mwenyewe, siku ya kazi ikapotea. Mwezi wa pili vilevile, na bosi akamwonya kwamba akikosa tena asirudi. Mwezi wa tatu aliniambia ameshakwenda. Nikafurahi. Simu ya saa moja ilikuwa imenyamaza na mume alikuwa wangu peke yangu.

Siku moja nikipanga kabati niliinua kopo lake la dawa. Lilikuwa jepesi. Nikalitikisa, kimya. Nilipomuuliza, alikiri ana siku tisa hajameza kidonge.

"Dawa ni bure," aliniambia, macho chini. "Siku ya kazi si bure. Kodi angelipa nani?"

Nilikwenda kwa dobi nikitegemea matusi, na niliyastahili. Nikamweleza yote, hata ule uongo wangu. Aliiweka pasi pembeni, akafungua daftari. Jina la mume wangu lilikuwa palepale. Siku ile alijifanya tu kulikata, nami kwa hasira sikuangalia. Akasema kesho atamwomba muuguzi ampokee asubuhi, kabla ya kazi, apimwe upya na apewe dawa. Kipimo kikionyesha dawa zinavidhibiti virusi, atarudi kikundini, maana kliniki ndivyo inavyotaka.

Ningeshukuru nikaondoka. Lakini swali moja lilikuwa limebaki.

"Huwa mnaongea nini nyinyi?"

"Tunakuongelea wewe," akasema. "Kila ukipimwa ukakutwa huna, anakuja hapa analia kwa furaha."

Miaka tisa ya ndoa, chozi la mume wangu sijawahi kuliona. Wivu ulionipanda safari hii ulikuwa mkali kuliko ule wote wa mwanzo. Nilikaa kwenye benchi lake, katikati ya mashati ya watu, mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikamwomba ampigie mume wangu saa moja, kuanzia jioni ileile.