Injini Iliyowashwa Kutoka Kaloleni

Saa mbili na nusu asubuhi ya Sabato, Zadock Oluoch alikuwa ameshafunga tai yake ya kanisani simu ilipolia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa injini katika meli za ziwani, safari za Kisumu, Mwanza na Port Bell, na hata baada ya kustaafu watu wa mtaa wake wa Kaloleni, Kisumu, walizidi kumwita Injinia, wakiwemo wale ambao hawajawahi kumwona ameshika spana. Aliyepiga ni Debra, binti yake wa pekee.

"Baba, uko nyumbani?"

"Niko. Kelele hiyo ni ya nini?"

"Ving'ora. Bandari imeshambuliwa."

Debra alikuwa injinia wa pili katika meli ya mizigo iliyokuwa ikipakia mahindi kwenye bandari moja ya Ukraine, Bahari Nyeusi. Alipoajiriwa aliwaambia wazazi wake kwamba vita viko mbali na pale. Zadock alikubali. Mkewe, Rachael, hakukubali, na tangu siku hiyo alikuwa anafuata habari za nchi ile kuliko za Kisumu.

Debra alieleza haraka, bila kulia. Droni zilikuja kulipopambazuka. Moja ilipiga ghala, nyingine ikapiga meli ya jirani iliyobeba mbolea, na sasa meli hiyo inawaka moto mita hamsini kutoka kwao, upepo ukiuleta moto upande wao. Umeme wa meli yao umekatika. Jenereta ya dharura imetobolewa na vipande vya chuma. Chifu injinia amevunjika bega, amepelekwa hospitali. Boti za kuvuta meli zote zimekwenda kuzima moto.

"Kapteni anataka tujitoe wenyewe gatini," alisema. "Lakini injini yetu huwashwa kwa kompyuta, na kompyuta imekufa. Kuiwasha kwa mkono alikuwa anajua Chifu peke yake."

"Ni ile uliyonitumia picha?"

"Ile ile."

Zadock akavuta kiti, akaketi. Picha ile aliitazama sana Krismasi iliyopita, kwa sababu injini yenyewe ilikuwa ya kampuni ile ile iliyotengeneza injini aliyoilea ziwani, ila hii ilikuwa kubwa mara mbili. "Basi itawaka," alisema. "Mitungi ya hewa ya kuwashia ina presha kiasi gani?"

"Kumi na nane, na inavuja."

"Inatosha. Teremka."

Kule chini kwenye chumba cha injini simu haikushika mtandao, lakini Debra alikuwa ameshalifikiria hilo. Simu alimwachia mpishi wa meli, Mfilipino mmoja, ambaye alisimama nayo juu ya ngazi akiwa ameiweka mdomoni mwa redio ya mkononi. Redio ya pili alishuka nayo Debra. Mpishi hakujua neno la Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha redio akiambiwa na kuachia akiambiwa.

Rachael alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. "Baba Debra, mwambie atoke humo ndani."

"Akitoka, watakaa kuungojea moto."

Rachael alimtazama kidogo, kisha akaketi karibu naye na kuichukua simu, akamshikia karibu na uso. Ndipo mikono ya Zadock ikawa huru, ikaanza kuchezacheza hewani kana kwamba mashine iko mbele yake.

"Funga valvu ya hewa ya honi," alianza. "Funga na ya karakana. Hewa yote iende kwenye injini. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka tangi la juu, hayo usiyajali. Sasa tafuta pampu ya oili ya mkono, iko ubavuni, chini."

"Nimeiona."

"Piga pampu mpaka geji ipande. Usiwe na haraka. Ukiiwasha kavu utaiua."

Walisikia pumzi zake na mlio wa chuma. Halafu ving'ora vikaanza upya, na kukafuata kishindo kilichoifanya simu ikwaruze. Rachael alifumba macho. Mpishi alisema kitu kwa lugha yake, lakini kidole chake hakikutoka kwenye redio.

"Nyara, binti yangu, uko?" Zadock aliuliza.

"Niko. Imeanguka majini. Oili imepanda."

"Vizuri. Shika mkono wa kuwashia, usukume mpaka mwisho."

Hewa ilipiga mluzi mrefu. Hakuna kingine.

"Haikuzunguka," Debra alisema. "Hewa imebaki kumi na nne."

Zadock aliujua ugonjwa huo. Kule ziwani valvu ya kugawa hewa ilikuwa ikikwama kila msimu wa mvua, na dawa yake ilikuwa moja. "Chukua nyundo. Gonga lile boksi la duara mbele ya injini, mara mbili, kisha jaribu tena hapo hapo."

Mlio wa nyundo haukuja.

"Umenisikia? Gonga."

"Baba, ngoja kwanza. Nikikosea tena hewa itakwisha. Jana tulikuwa tunaizungusha injini polepole kwa mota, tunakagua. Nadhani gia ya kuzungushia bado imeshika. Ikiwa imeshika, injini hii huzuia hewa isiingie kwenye silinda. Ya kwenu haikuwa na kitu hicho."

Ni kweli, haikuwa nacho. Miaka yote Zadock alikuwa akiwaambia vijana kwamba aliye mbele ya mashine ndiye anayeamua, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja yeye ndiye atakuwa mbali nayo.

"Wewe ndiye uko hapo," alisema. "Angalia."

Sekunde zilipita. Kisha kitu kizito kikalia ko.

"Ilikuwa imeshika. Nimeitoa. Hewa imefika kumi na mbili."

"Kumi inatosha. Sukuma, usiachie mpaka uisikie inakohoa. Ikikohoa, ipe mafuta."

Mluzi ukaanza, ukakatika katikati, na mahali pake ukaja mguno, mmoja, wa pili, halafu mingi iliyofuatana mpaka redio ikaunguruma tu. Mpishi alipiga kelele. Sauti ya Debra haikusikika tena, lakini Zadock hakuihitaji. Aliuhesabu mlio ule kwa kidole juu ya goti lake.

"Inakwenda kwa silinda zote," alimwambia mkewe.

Kisha mtandao ukakatika.

Kanisani hawakwenda asubuhi ile. Rachael alipika chai ambayo hakuna aliyeinywa. Zadock alikaa pale pale na tai yake, akisema kila baada ya muda kwamba injini kama ile ikishawaka ina jenereta yake yenyewe, kwa hiyo usukani watakuwa nao, na kamba za gati hukatwa kwa shoka. Rachael alimwacha aseme.

Debra alipiga saa tano kasorobo. Kamba walizikata kweli. Walikuwa wametia nanga maili mbili nje ya bandari, watu kumi na tisa, wote wazima. Meli ya mbolea ililipuka robo saa baada yao kutoka. Watu wake walikuwa wameshashushwa, lakini gati walikokuwa wamefunga meli yao lilikuwa halipo tena.

Rachael alichukua simu. "Sasa utarudi lini nyumbani?"

"Mama, kesho tunaipeleka meli Romania ikatengenezwe. Kapteni amenipa injini niiendeshe badala ya Chifu. Nikiifikisha nitakuja nikae mwezi mzima."

"Ingekuwa shauri langu, ningekukataza."

"Najua."

"Basi ifikishe," Rachael alisema. "Na ule kitu kabla ya kulala."

Mchana walikwenda kanisani, na wakati wa shuhuda Zadock alisimama. Alisimulia yote kwa utaratibu, kuanzia ving'ora hadi Romania, na alipofika kwenye nyundo hakuiruka sehemu hiyo.

"Hapo mimi nilikuwa nimekosea," aliwaambia. "Angenitii, tungekuwa na matanga. Alikataa, na alikuwa sahihi."

Kisha akaketi, na Rachael akasogea kumpa nafasi.