Maji Matupu

Telesphor Rwegoshora hakuwa fundi wa magari, wala hakuwahi kujidai kuwa fundi. Tatizo lake ni kwamba aliwahi kuwa na dereva. Kwa miaka kumi na mmoja alipokuwa Afisa Elimu huko Muleba, alikaa kiti cha mbele cha gari la ofisi. Kila asubuhi dereva wake, James, alifunua boneti, akafungua rejeta, akamimina maji kutoka kwenye dumu la njano, akafunga na kusema, "Tayari, mheshimiwa." Mtu akitazama kazi ya mwenzake kwa miaka kumi na mmoja huanza kudhani na yeye anaiweza.

Sasa mheshimiwa alikuwa Harrow, London, katika vyumba viwili vya juu vya kupanga, na kazi yake kubwa ilikuwa kumsubiri mkewe arudi kazini. Winifrida ndiye aliyeletwa na viza, na kampuni ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Telesphor alikuja kama mume wa mwenye viza. Maombi ya kazi aliandika kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa zamani, na majibu aliyopata ni mawili, yote ya pole. Mabinti zao, Generosa na mdogo wake, waliachwa kwa bibi yao wakisubiri kuitwa. Kila Jumapili waliuliza kwenye simu ni lini, na kila Jumapili waliambiwa bado kidogo.

Yote hayo, viza, vyumba, na mabinti kuja, yalipanda kigari kimoja chekundu cha miaka kumi na minne. Winifrida alikitumia kwenda nyumba hadi nyumba kuanzia alfajiri, kumwinua huyu kitandani, kumwogesha yule, kumpa mwingine dawa. Mwezi wa Novemba kigari kilichemka njiani mara mbili, na mara mbili wazee walisubiri. Ofisi ikamwandikia: ya tatu ndiyo ya mwisho. Na kampuni ikimwacha, ana siku sitini za kupata mwajiri mwingine wa kumdhamini, la sivyo wafunge mizigo. Barua hiyo Telesphor aliisoma mara nne, akiwa peke yake, huku sufuria ya chai ikikauka jikoni.

Fundi aliyekitazama kigari alisema maji ya rejeta yameoza, yamekuwa mazito kama uji wa ulezi. Yamwagwe, njia zisafishwe, itiwe kulanti mpya, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Winifrida alitaka kukipeleka gereji. Telesphor akaruka.

"Gereji ya nini, Mama Gene? Maji ya rejeta? Hiyo nitaifanya mwenyewe, hapahapa nyumbani."

"Una uhakika, Baba Gene? Jumatatu nina early shift. Sitaki mchezo na hilo gari."

"Mimi nilikuwa na gari la serikali miaka kumi na mmoja!"

Hakusema kwamba aliyelishughulikia ni James. Na Winifrida, kwa uchovu au kwa huruma, hakumkumbusha.

Jumamosi akaenda kwenye duka la vipuri. Akakuta kulanti zimepangwa kwenye rafu, ya waridi, ya buluu, ya kijani. Akashika chupa moja, akaitikisa, akasoma maneno mengi madogo ya nyuma akaishia katikati. Akacheka peke yake. Mzungu bwana, hata maji anaweza kukuuzia, mradi ayatie rangi! James alitia maji ya bomba, tena mengine ya mtoni, na gari lilipanda na kushuka vilima vya Kagera bila kuugua. Akairudisha chupa kwenye rafu na kutoka.

Jumapili, Winifrida akiwa ametoka kwenda kanisani na kwa rafiki yake huko Peckham, Telesphor alivaa koti kuukuu akashuka. Na tumpe haki yake: alifanya kazi. Alisubiri injini ipoe kabisa, maana hilo James alimfundisha kwa kelele siku moja. Akatega beseni chini, akalegeza kibanio kwa koleo, akauvuta mpira wa chini wa rejeta, na uchafu ule wa kahawia ukabubujika. Akaukinga wote na kuufunika paka wasije wakaulamba. Akasuuza kwa mpira wa bustani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yakatoka maji safi kama ya kunywa. Akarudisha mpira, akakaza, akajaza maji ya bomba pole pole, akawasha injini na kufungulia hita hadi mwisho, akaacha mapovu yatoke, akaongeza. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati ukatulia hapo. Alisimama mbele ya boneti huku mikono imekufa ganzi kwa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu atue Uingereza akajisikia mtu mwenye faida. Furaha ile ilimjaa hadi machozi yakamlenga.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Avtar.

Mzee Avtar aliishi upande wa pili wa ukuta. Alizaliwa Mwanza, akafungua na kufunga injini za malori ya pamba tangu ujana wake, hadi miaka ya sabini alipohamia huku na familia yake. Nyumbani tulizoea kusema kama kalasinga ameshindwa kulitengeneza gari, liuze chuma chakavu. Kiswahili chake kilibaki vilevile kilivyokuwa siku aliyoifunga gereji yake huko Mwanza.

"Mwalimu! Leo wewe fundi?"

"Kidogo tu, mzee. Nimebadilisha maji ya rejeta."

"Vizuri sana. Kulanti umeweka? Leo usiku baridi mbaya. Redio nasema minus six. Kama iko maji tupu itaganda, itapasua injini yote."

Telesphor akaitazama rejeta upya. Maji kuganda ndani ya gari! Jambo hilo halikuwahi kupita kichwani mwake, wala kwa James, wala kwa mtu yeyote wa Muleba, maana huko maji hayagandi.

"Nimeweka," akasema.

"Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu," akajibu, bila kujua ni nusu ya nini kwa nusu ya nini.

"Mimi naweza pima. Kipimo iko ndani, dakika moja tu."

"Aa, mzee wangu, usijisumbue. Mambo ya rejeta nayajua tangu nyumbani."

Mzee Avtar alimtazama kidogo, akakaza kilemba chake, akaingia ndani. Miaka ishirini Telesphor alisimama mbele ya watoto wa watu akiwaimbisha kwamba kuuliza si ujinga! Lakini kumuuliza fundi, tena baada ya kumdanganya, hilo lilimshinda. Mlango ulipofungwa tu, akatoka mbio kwenda duka la vipuri, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Akakuta giza la mapema la majira ya baridi limeingia na duka limefungwa tangu saa kumi jioni, kama yanavyofungwa maduka makubwa siku ya Jumapili. Chupa za waridi na za kijani aliziona kupitia kioo. Akagonga. Ndani mfagiaji akamwonyesha saa ya mkononi na kuendelea kufagia.

Alirudi akasimama mlangoni kwa Mzee Avtar. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitoka, na sauti ya mtu akicheka. Akainua kidole kuelekea kengele. Angesemaje? Kwamba nimekudanganya, mzee, kwa jambo la maji? Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, aliyezoea kuinukiwa na walimu wakuu, aseme hivyo mbele ya familia iliyokaa mezani? Mficha uchi hazai, na yeye alilijua hilo. Akashusha kidole.

Basi akapanda juu, akachukua blanketi nene walilopewa na mama mkwe siku ya kuaga, akashuka akalifunikia boneti, akalikaza pembeni kwa matofali. Hakuamini sana kwamba litasaidia. Alihitaji tu kufanya kitu kwa mikono.

Winifrida alirudi kwa basi, amebeba mfuko wa ndizi za kupika kutoka Peckham. Akasimama mbele ya gari, akaangua kicheko.

"Baba Gene! Gari linaumwa?"

"Baridi," Telesphor akasema. Alifungua kinywa aseme na lililobaki.

Winifrida akamtangulia. Aliweka mfuko chini, akamshika mkono, akauona ulivyochubuka na kuingia weusi. "Umelitengeneza kweli," akasema taratibu. "Na blanketi la mama umelitoa kwa ajili yangu. Unajua tangu tufike huku nilikuwa naona kama nimekupoteza? Kama nimekuja na koti lako tu. Leo nimemwona mume wangu."

Nani angesema baada ya maneno hayo? Labda wewe. Telesphor hakuweza. Maneno yale alikuwa ameyasubiri miezi tisa, na akaona afadhali ayabebe hivyo hivyo, hata ya wizi, walau kwa usiku mmoja. Wakapanda juu, Winifrida akapika ndizi kwa maharage, akamjazia sahani. Hakikushuka hata kijiko.

Usiku wenyewe sina haja ya kuusimulia. Aliyewahi kulala na uongo kitandani anaujua.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Winifrida alishuka na sare yake ya kazi, akiimba kwa sauti ya chini. Mteja wake wa kwanza alikuwa bibi asiyeweza kutoka kitandani mpaka ainuliwe. Telesphor alimfuata na kandambili bila soksi, akaliondoa blanketi. Lilikuwa limekakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Winifrida akakwangua kioo, akaingia, akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka! Telesphor akamtaja Bikira Maria kimoyomoyo. Akahesabu moja, mbili, tatu. Kisha kikatoka kilio cha mkanda wa injini kilichoamsha mtaa, na harufu ya mpira unaoungua, na moshi. Winifrida akazima haraka. Akajaribu tena, kilio kilekile.

Mzee Avtar alitoka na koti juu ya pajama, nywele zake zimefungwa kitambaa kidogo, tochi mkononi. Akafunua boneti bila kumuuliza mtu. Ndani ya tangi dogo la maji kulikuwa na barafu nyeupe, imevimba hadi shingoni, na rejeta imepasuka kutoka juu hadi chini. Akapeleka tochi ubavuni mwa injini, akaishikilia hapo muda mrefu.

"Chuma imepasuka," akasema. Kisha akamgeukia Telesphor. "Mwalimu, mimi niliuliza wewe."

Telesphor akalikumbatia blanketi lililokakamaa.

"Ungesema tu! Kumwaga maji iko dakika mbili. Gari nalala tupu, asubuhi naweka maji tena, nakwenda kazi. Dakika mbili, Mwalimu."

Dakika mbili. Jana alikimbia dakika ishirini na tano kwenda na ishirini na tano kurudi.

"Alikuuliza lini?" Winifrida akamuuliza mumewe. Telesphor alitazama kandambili zake.

"Jana, kabla ya giza," Mzee Avtar akajibu kwa niaba yake, na mara akaonekana kujuta, akajifanya anatafuta kitu ndani ya injini.

Teksi ya karibu ilikuwa mwendo wa dakika hamsini, kwa sababu ya barafu barabarani. Mzee Avtar alikwisha kukatazwa kuendesha kwa sababu ya macho mabovu. Winifrida akapiga simu ofisini. Telesphor alisikia upande mmoja tu: "Yes. No, I understand. Yes. Thank you." Akaishusha simu, akaitazama hadi mwanga wake ukazimika.

"Bibi wamempa mtu mwingine," akasema. "Mimi niende ofisini saa nne, na sare zangu zote."

Telesphor akajiandaa. Ulimi wa Winifrida ulijulikana ukoo mzima. Ulikwisha kumkalisha chini hata padri. Alitaka umshukie. Alitaka aitwe mwongo, mzigo, mwanamume jina, pale pale mbele ya Mzee Avtar na madirisha yote ya mtaa. Alisimama akimsubiri mkewe aanze.

Winifrida alimtazama toka kichwani hadi kwenye vile vidole vya miguu vilivyokuwa vimegeuka rangi. Uso wake haukukunjamana. Alimsogelea, akapitisha mkono mmoja chini ya kiwiko chake, mwingine akauweka katikati ya mgongo wake, imara, kwa ustadi.

"Haya, baba," akasema. "Taratibu. Tunaingia ndani sasa, kwenye joto. Angalia hapo kuna barafu. Hivyo hivyo. Unafanya vizuri."

Ilimchukua Telesphor hatua mbili kuitambua sauti ile, laini, isiyo na haraka wala hasira. Ilikuwa sauti ya kazini. Ni sauti anayowapa wazee wasio wake, ambao hakuna tena anayetarajia chochote kutoka kwao, na kwa hiyo hawaudhi mtu.

"Nitukane, Mama Gene," akasema. "Nakuomba. Nitukane tu."

"Sawa, baba," Winifrida akajibu kwa sauti ileile. "Inua mguu kwanza. Huo wa kulia."

Akauinua.