Jina Halitajwi Hewani

Mama Kidega alikuwa ameshapanda bodaboda. Shuka kwapani, beseni mapajani, chupa ya chai ndani ya beseni, na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa. Nyuma yake, mlangoni mwa kibanda cha video hapo Kisugu, Zubaida mwenye kibanda alikuwa akipunga mikono. "Mama Kidega! Ngoja kwanza! Helen!" Wapi. Bodaboda ikakata kona kuelekea hospitali ya Mulago.

Kumpigia simu kusingesaidia. Simu ya Helen ilibaki kibandani, imefungwa kwa mpira kwenye maikrofoni, na ndani yake mzee Abdunoor alikuwa bado anatangaza mechi toka uwanjani.

Kisa kilianzia kwa ile kampuni iliyonunua haki za kuonyesha ligi. Ilikuja na sheria yake: kadi ya nyumbani ni ya nyumbani, kibanda kichukue leseni ya biashara. Zubaida alikuwa na kadi ya nyumbani. Ijumaa picha ikakatwa. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo Kidega, mtoto pekee wa Helen, angedaka kwa mara ya kwanza katika ligi kuu, uwanja wa Nateete. Kwenda uwanjani mtoto mwenyewe alimkataza. "Mama, ukikaa pale nitakuwa natazama wewe, si mpira."

"Haki ya picha wamenunua, sawa," alisema Abdunoor. "Mdomo wangu walinunua lini? Mimi nakwenda. Nitawaletea mechi kwa simu."

Abdunoor, Mnubi mwenye mvi, alikuwa mtu wa redio jeshini miaka ishirini, bega kwa bega na Olal, marehemu mume wa Helen. Basi watu wakajaa kibandani, wakakodolea macho skrini tupu, na mzee akatangaza vile alivyojua.

"Adui kulia, mita ishirini! Kidega ameinuka. Kidega ameshika! Hali shwari."

"Mzee, sema na timu pinzani inaitwaje!" mtu alipiga kelele.

"Adui ni adui!"

Kibanda kikacheka. Helen alikaa mbele kabisa, na kila lilipotajwa jina la mwanawe alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehesabu vifaranga.

Dakika ya thelathini mpira wa kitoto ukapita katikati ya miguu ya Kidega, ukaingia wavuni. Abdunoor aliuona. Akakumbuka nani anasikiliza, akalimeza jina.

"Tumepata hasara," akasema polepole. "Mmoja wetu. Jina tuliache kwanza."

Watu wakaguna: goli moja, basi. Helen hakuguna. Kambini, jina la aliyeanguka halitajwi hewani. Huletwa kwa miguu hadi mlangoni. Wake za askari walijifunza kusikiliza jina linalokosekana. Siku aliyokufa Olal redio ilisema maneno hayo hayo, na sauti ilikuwa hiyo hiyo ya Abdunoor. Helen akangoja dakika kumi. Yakatajwa majina ya mabeki, ya refa, hata ya muuza karanga. La Kidega, hakuna. Akainuka bila neno, akapitia nyumbani kuchukua shuka na beseni la kumuuguzia mwanawe.

Zubaida alipoona shuka na beseni akajua anakokwenda, akairukia simu. "We mzee! Umemuua mtoto wa watu! Mama yake amekwenda Mulago na beseni!"

"Beseni la nini? Kidega huyu hapa anafunga kamba za kiatu!"

Sauti ya mzee ikawa ndogo: "Ya Rabi. Nimesema mmoja wetu."

"Umesema!"

Laini ikakatika.

Kule Mulago Helen alikuwa anamuuliza nesi kwa mara ya tatu. "Ni mrefu, mwanangu. Amevaa glavu."

"Mama, leo hajaletwa golikipa yeyote."

Hapo akamwona Abdunoor anakuja kwa miguu, kofia mkononi, kama wanavyokuja wale waletao habari. Akalikumbatia beseni. Mzee akashtukia kosa la pili, akapaza sauti toka mbali:

"Kidega! Kidega mzima! Kidega amefungwa goli la kijinga, katikati ya miguu! Kidega, Kidega, Kidega!"

Wagonjwa wakageuka. Helen akashika ukuta.

"La kijinga namna gani, shemeji?"

"La aibu. Niliona haya kukuambia."

Akampiga kwa shuka, mara mbili, ya pili kwa nguvu. Kisha akakaa kwenye benchi, akammiminia chai katika kifuniko cha chupa.

"Na sasa nani anatangaza?"

"Hakuna."

"Na mtoto bado anadaka?"

"Bado."

"Aibu hiyo ningeisikia na bado ningelala usingizi," akasema Helen. "Kunywa, imepoa."

Mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Dakika ya mwisho Kidega alipangua penalti, na Kisugu nzima hakuna aliyeona wala kusikia. Kamera ya kampuni inayo picha yake. Msimu uliofuata Kidega alihamia timu ya Mbarara. Ni golikipa wa pili. Zubaida alichukua leseni, akishirikiana na kinyozi wa jirani. Helen hutazama kila mechi, ila penalti ile hajaiona. Abdunoor, ambaye naye hakuiona, humwigizia uani kwake. Kibandani bado anatangaza, sauti ya televisheni ikiwa imezimwa, na anayekosea anamtaja jina. Lile beseni Helen alimwachia mama mmoja aliyekuja hospitali bila lake, wala hakulidai tena.