Matobolwa Yasiyojambisha

Advera alisimama mikono kiunoni. Kikundi chake cha akina mama wa Igalula kilikuwa kimepata mbegu mpya ya viazi vitamu iliyosifiwa kuwa haijambishi, wakavilima, wakavichemsha na kuvianika vikawa matobolwa. Mtafiti Emilian akaja na treni kupima kama kweli hayajambishi.

Watu thelathini walikula ukumbini wakashiba, wakasubiri huku wakiimba nyimbo za kwaya. Kisha Emilian akauliza mbele ya wote, "Aliyejamba anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha.

"Basi andika hakuna!" Advera akafoka.

"Siwezi, mama. Thelathini ni wachache. Nimepata sifuri, lakini kikomo cha juu cha makadirio kinasema huenda akajamba hata mmoja katika kila kumi."

"Mmoja yupi? Mtaje! Unatusingizia hewa!"

Emilian akakuna kichwa, akawatazama walivyokaa: mama wakwe wamebanana na wakwe zao, katikati yao Padri Fideli.

"Jamani, nimekosea mimi," akasema. "Wote fumbeni macho, niulize upya."

Advera akafumba. Ubavuni pake alikaa mume wa binti yake, na kwa ajili yake alikuwa amejibana mpaka jasho likamtoka, ila kiitikio kilipopanda alishindwa. Polepole akanyoosha mkono. Umbea ukamzidi, akafumbua jicho moja.

Mikono ilikuwa juu ukumbi mzima. Padri Fideli alikuwa amenyoosha yake yote miwili.