Mpira wa Mlango

Tangu wamzike Gleb, Kapitolina hakuweza kulala upande wa ukutani. Bomba la kupashia nyumba joto lilipita hapo, na likianza kupoa liligonga: ko, ko, ko, likanyamaza, kisha likarudia vilevile. Raisa, jirani yake wa mlango wa pili, alimwambia ni maji tu yanayotembea. Kapitolina alijua ni maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yakimtia hofu.

Mumewe alikuwa mhandisi wa manowari. Chumba cha mitambo kilijaa maji meli ikiwa imefungwa gatini, haijaenda hata mdomo wa ghuba, akafia humo. Jeneza lililetwa limechomelewa bati. Gazeti halikuandika neno, na lingeandikaje, wakati mji wenyewe haumo kwenye ramani? Mji ule wa jeshi la maji, huko kaskazini kwenye baridi ya kukata maini, ulizungushiwa waya, na bila kibali huingii hata kama umekuja kumzika mama yako. Hali ya meli ilikuwa siri ya taifa. Wake za mabaharia waliijua kwa kutu waliyoifua kwenye mashati.

Sasa Luteni Kamanda Lyadov, mtu wa usalama, alitaka saini yake. Karatasi ilisema marehemu aliuacha mlango wa chuma wazi kwa uzembe wake mwenyewe. Akitia saini, atabaki kwenye nyumba yake, na kaburi la Gleb liko kilimani, mwendo mfupi tu. Akikataa, kibali kinafutwa na anatolewa nje ya waya, asirudi tena. Kapitolina alikuwa amekwisha kuamua kutia saini. Alitaka kukaa karibu na mtu wake, basi.

Siku ya arobaini alipika chapati laini za maziwa na uji wa ngano wenye asali na zabibu, akaweka glasi ya marehemu na kuifunika kipande cha mkate mweusi. Wanawake majirani wa ngazi yake ya ghorofa walikuja. Mzee Zakhar, fundi aliyekuwa zamu na Gleb siku ile, alikuja pia, akakaa pembeni bila kugusa chakula.

"Kula, mzee wangu," Kapitolina alimwambia. "Au chapati zangu zimekushinda meno?"

"Mlango ulifungwa, binti yangu."

Vijiko viliwekwa chini.

"Bomba la maji ya bahari lilipasuka chumba cha jirani, kutu imelila. Tukaufunga mlango mimi na yeye, tukakaza komeo zote. Maji yakapita pembeni, pande zote."

"Yatapitaje na mlango umefungwa?"

"Si admirali alikuwa anakuja? Mwenyewe unatujua. Mkubwa akija, tunapaka rangi mpaka makaa ya mawe. Vijana wakapaka na mpira wa mlango, ule wa kuzuia maji. Kitabu kinakataza, lakini mpira mweusi unaonekana mchafu. Rangi ikikauka, mpira unakuwa mgumu kama mkate wa juzi. Haushiki kitu."

"Nani aliamuru?"

"Aamuru nani? Tunapaka tu. Hata mimi nilipokuwa kijana tulipaka." Zakhar alifuta uso. "Gleb akanituma juu niite watu. Nilipotoka, nahodha akaamuru kifuniko cha kutokea chumba kile kifungwe, meli isije ikazama gatini mbele ya mgeni. Nikakifunga mimi, naye yumo ndani."

Kapitolina alimwinamia mzee. Hakutaka kuuliza, lakini aliuliza.

"Aligonga?"

"Aligonga. Tatu, anapumzika. Tatu tena."

Kapitolina hakuwa amemwambia mzee huyu jinsi bomba lake linavyogonga.

Lyadov aliingia wakati huohuo, kofia mkononi, akatoa pole kwa adabu na kuitandaza karatasi kando ya sahani. Kapitolina alishika kalamu. Kisha akamtazama Raisa, ambaye mumewe Stepan alikuwa kwenye meli pacha ya ile ya Gleb.

"Raisa, Stepan wako anafanya kazi gani wiki hii?"

"Wanapaka rangi," Raisa alisema. "Kesho kutwa wanatoka kwenda baharini."

Kapitolina aliiweka kalamu chini. "Mwambie akwangue mpira wa milango. Gleb aliufunga mlango wake. Rangi ndiyo iliyomuua."

"Kapitolina Yegorovna," Lyadov alisema polepole, "hali ya meli ni siri."

"Mnamficha nani, baba? Maji yanajua kila kitu."

Usiku ule, kwenye meli pacha, wanaume walikwangua milango kwa visu vya jikoni, bila amri na bila kuongea. Meli ilitoka, ikarudi salama. Juma lile Kapitolina alipandishwa basi na masanduku mawili. Raisa alimwahidi kulifagia kaburi, akalia kuliko Kapitolina mwenyewe.

Kila mwaka, majira ya kuwatembelea wafu, Kapitolina aliomba kibali cha kuingia siku moja. Fomu iliuliza unakwenda kwa nani, naye alijaza jina la Gleb, cheo chake, na uhusiano: mume. Jibu lilikuja lilelile, limepigwa muhuri: ombi limekataliwa, mtu uliyemtaja haishi katika mji huu.