Likizo ya Punda

Msinipe pole. Pole nimepewa za kutosha, na hakuna hata moja iliyonibebea dumu la maji. Nisikilizeni tu.

Mimi ni Kahaso, mke wa Mwambire mwuza maji, hapa nje kidogo ya Malindi, njia ya kwenda Magarini. Desemba iliyopita tulikuwa na punda jike mmoja na mkokoteni mmoja, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla yake zilitoka zingali changa. Hii ya tatu ilishika, na mtoto akawa anacheza tumboni. Kliniki waliniambia nisiinue kitu kizito kuliko sufuria ya sima, nami nikatii, maana huyo mtoto nilimtaka kuliko kitu chochote duniani.

Katikati ya mwezi akaja Trizah, binti wa bara, mpole, anayefanya kazi kwenye makao ya wanyama. Akasimama pale bombani akatutangazia kwamba msimu wa sikukuu wageni wanajaa, na punda wa mji huu wanavuta maji mpaka miguu inatetemeka. Basi mwenye punda amlete akapumzike, ale majani mazuri, atibiwe vidonda, bure. Mwenyewe naye atapewa unga, mafuta ya kupikia na fulana.

"Na mkokoteni avute nani?" nikauliza.

Watu wakacheka. Trizah naye akacheka. "Mama, si hata wewe utapumzika Krismasi?"

Ati mimi nipumzike.

Mwambire akampeleka punda siku ile ile. Mume wangu si mtu mbaya, msije mkasema namsingizia; ni mtu wa kupenda vya bure tu. Alisema atavuta yeye. Akavuta siku tatu. Ya nne akapata kibarua cha kulinda nyumba ya wageni huko ufuoni, kazi ya kukaa kwenye kiti langoni. Nikamwuliza, na maji je? Wateja wetu ni mikahawa miwili na nyumba nne, na wasipoletewa siku moja wanahamia kwa mwingine.

"Peleka madumu sita tu, polepole," akasema. "Kliniki walikukataza kuinua. Kuvuta si kuinua."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu, maana maneno yale yaliniingia akilini. Kweli, kuvuta hawakukutaja.

Mbeyu, jirani yangu, alinipakilia madumu bombani, nami nikapitisha kamba begani. Siku ya kwanza nikafika salama, nikajiona hodari. Siku ya tano yale sita yalikuwa kumi na mawili, maana Krismasi ilikuwa mlangoni na kila mtu ataka maji. Kamba ilinichubua mpaka gauni likagandana na nyama. Tumbo likawa linakaza na kuachia, linakaza na kuachia. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa sana. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nikaenda makao ya wanyama kumchukua punda wangu.

Stella, ndilo jina walilompa. Sisi tulimwita punda. Nilimkuta kivulini anatafuna, manyoya yanang'aa, mguuni bendeji nyeupe, shingoni utepe mwekundu wa sikukuu. Sijawahi kumwonea mnyama wivu ila siku ile.

Trizah alifurahi kuniona. Akamwita Musembi, daktari wao wa mifugo, aniambie mwenyewe habari njema.

"Punda wenu ana mimba," akasema daktari. "Hatoki hapa mpaka azae na anyonyeshe. Mama, kumvutisha mkokoteni katika hali hii ni kumharibia. Mimba itatoka."

Mimi nimesimama mbele yake, tumbo hili, bega limevimba, damu imekauka kwenye gauni. Nikamwambia, "Daktari, na mimi ninayo."

Akalitazama tumbo langu, akatabasamu. "Hongera sana. Basi wewe wamwelewa Stella kuliko sisi."

Nikamwambia Trizah, dada, nipe mnyama wangu niende zangu. Akasema aliyetia sahihi ni Mwambire. Akampigia simu palepale, akaweka sauti wote tusikie. Mume wangu alipopata habari ya mimba alicheka kwa furaha.

"Mwacheni akae huko," akasema. "Atarudi na mwenziwe, tuwe na wawili. Kahaso, vumilia kidogo."

Mwaniuliza kwa nini sikuuacha ule mkokoteni. Hata mimi najiuliza kila siku. Mikahawa yote miwili ilikuwa imepiga simu tangu alfajiri, nami nilitaka mtoto azaliwe akute nyumba ina chakula. Nikarudi bombani.

Mtoto wangu alitoka siku ya tatu baada ya Krismasi, hospitalini. Mvulana. Alipumua kidogo, kisha akaacha. Mwambire alilia, nilimwona, alilia kweli, kisha akarudi ufuoni kwa sababu walikuwa wamemwongezea miezi mitatu.

Mwishoni mwa Januari Trizah na daktari walikuja nyumbani kukagua mahali atakaporudi Stella. Trizah alinishika mikono akatokwa na machozi. Daktari akazunguka ua, akaiokota ile kamba, akaona ilivyokolea damu, akamgeukia mume wangu kwa hasira.

"Hiki ndicho mnachomfungia? Bwana Mwambire, huu ni ukatili. Kiumbe mwenye mimba unamvutisha kwa kamba kama hii?"

Mwambire akainamisha kichwa. Hakusema kamba ile ilikuwa ya nani, na mimi sikusema. Daktari akaenda kwenye gari akarudi na mkanda mpya wa kuvutia, wa ngozi, ndani sponji nene. "Punda akirudi mtamvalisha huu," akasema, na wakaondoka.

Jioni ile mume wangu alikaa na ule mkanda magotini akiugeuzageuza. Akaupunguza kwa kisu, akatoboa matundu mapya. Jumatatu asubuhi akanipimia begani, kwa upole, akiangalia usikaze upande mmoja.

"Huu hautakuumiza," akasema.

Madumu kumi na mawili yalikuwa tayari mkokotenini. Nikauvaa. Na haki ya Mungu, ulikuwa laini.